Risasi kwa mfupa

Hii ilikuwa 2004, likizo ya Agosti, niko darasa la saba, na nilikuwa nakaa kwa anti yangu Obunga hapo Kisumu. Anti alikuwa anauza mgongo wazi. Kama huijui, ni ile mifupa ya mbuta (sangara, yule samaki mkubwa wa ziwani) inayobaki kiwandani nyama ikishakatwa fileti za kupelekwa Ulaya, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia, akina mama wanainunua wanaianika kidogo wanaikaanga mpaka inakauka kabisa na sisi tunaitafuna na ugali. Tamu sana, kwa hilo sibishani na mtu.

Kijana wake mkubwa, nilikuwa namwita brathe, alikuwa chuo anasoma mambo ya samaki, akaja na boksi ya barafu na wavu mdogo. Tukashuka naye mpaka pale mto Kisat unaingia ziwani. Huo mto unapita eneo la viwanda na siku hiyo maji yalikuwa kama strungi. Tukatoa ngege (tilapia) saba hivi, na mmoja alikuwa na kibiongo. Si kidogo, mgongo umepinda kama herufi S, mkia unaangalia kando, lakini anarukaruka tu kama wenzake.

Jioni brathe akachukua sufuria ya anti bila kuuliza (hapo ndipo alikosea), akamchemsha yule wa kibiongo mpaka nyama ikaachana na mfupa, akaanza kuchambua na kijiti mimi nikimshikia koroboi. Ngege huwa na pingili 30 na kitu kwa uti wa mgongo, tukahesabu mara mbili, na za huyu tatu zilikuwa zimeshikana zikawa kitu kimoja kama mshumaa ulioyeyuka. Nikafinya kidogo, ukingo ukavunjika kama chaki.

Anti akaingia, akaona sufuria yake. Kabla hajafungua mdomo brathe akawahi, "Mama, naangalia kama huyu samaki ana risasi kwa mifupa."

"Risasi? Kwani nani alimpiga?"

Nilicheka nusura nimwage taa. Brathe akaeleza pole pole kwamba ni ile risasi ya madini, iko kwa betri za gari na kwa petroli (ni kweli, Kenya petroli ya risasi iliachwa mwishoni mwa 2005), na pale ziwani magari yalikuwa yanaoshwa ndani ya maji kabisa. Shida yake ni kwamba mwili unaidhania ni kalisiamu, unaipokea na kuipeleka moja kwa moja kwa mfupa, na ikishaingia huko haitoki leo wala kesho. Kadimiamu, madini nyingine ya sumu, nayo inaziba njia kwa matamvua, pale samaki anapumulia, kalisiamu ya majini haiingii vizuri, sasa mfupa ujengwe na nini? Lakini akasema asiapishwe, kibiongo kinaweza kuletwa na mengine, kuumia akiwa kifaranga, kukosa vitamini, ama kuzaliwa hivyo tu, ndio maana wale wengine walikuwa kwa barafu, waende labu mifupa ichomwe iwe majivu ipimwe.

Anti akanyamaza. Halafu, "Kwa hivyo hiyo kitu inakaa kwa mfupa kuliko kwa nyama?"

"Ndio, mama."

"Na ukiikaanga?"

"Haitoki na moto."

Akaangalia mlangoni, karai yake iko pale nje na mgongo wazi ya jioni imepangwa juu ya gazeti. "Na hii?"

Brathe akasema mbuta wanavuliwa mbali huko ndani, si hapa mtoni, hawawezi kuwa sawa na hawa. Alisema lakini sauti ilikuwa imeshuka, na karo yake ya chuo ilikuwa inatoka kwa karai hiyo hiyo.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri anti alikuwa kwa laini ya kiwanda na beseni lake kama kawaida. Sufuria ndiyo hakuigusa tena, mpaka narudi shule kuku walikuwa wananywea maji humo.