Sukari vijiko vingapi

Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, chai ya ofisini. Leo ni Jumapili usiku, watoto wamelala, baba Hafidh anaangalia mpira sebuleni, na mimi bado niko Jumanne saa nne na nusu.

Wiki yenyewe ilikuwa ya kushukuru sana, mama mkwe ametolewa mtoto wa jicho na anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe, ile barua ya cheo niliyowaomba mniombee dua imetoka, kiwanja cha Chamazi tumemaliza deni, alhamdulillah kwa yote. Ila nikikaa kimya hivyo vyote vinakaa pembeni narudi kwenye kile kikombe.

Ilikuwa hivi. Tuko sita mezani, bosi wangu (mnamjua, yule dada wa Moshi ambaye nimeshawaambia amenishika mkono toka siku ya kwanza, na sijabadilisha mawazo juu yake) ameingia na ripoti yangu ya nusu mwaka mkononi. Akaisifia mbele ya watu, hamna kosa hata moja, namba zote zimekaa. Alafu akanigeukia anacheka, akasema, "Hivi mdogo wangu wewe ni wa Lindi kweli? Mbona unajituma hivi? Wenzio si kazi yao ngoma na kusubiri korosho zianguke?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikamjibu, "Aa dada, mimi nimekulia Dar bwana, Lindi nilizaliwa tu."

Nilizaliwa tu. Ndio maneno yaliyotoka mdomoni kwangu na hakuna aliyenishikia kisu.

Sasa nyuma ya bega langu alikuwa Mama Salima na birika. Wapya hamumjui, Mama Salima ndiye anatupikia chai na kusafisha ofisi, ni wa Mchinga, kwetu na kwao watu wanazikana, na siku ya kwanza aliponisikia naongea na simu alikuja akanisalimia kwa kilugha mpaka nikatokwa na machozi pale koridoni. Miaka saba ananiita mwanangu. Miaka saba anajua mimi sinywi sukari, toka mimba ya Hafidh sijaigusa, yeye mwenyewe ndio alikuwa ananifichia kile kikombe cha bluu ili wengine wasinitilie. Jumanne aliinama, akanimiminia chai, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa,

"Madam, sukari vijiko vingapi?"

Basi. Hakununa wala hakunikata jicho, akasubiri nijibu. Na mimi nikajibu, "Sitii mama, asante," kama vile kweli alikuwa hajui.

Nimejaribu kujiambia hakusikia, alisikia. Nimejaribu kujiambia bosi alikuwa anatania tu, na kweli alikuwa anatania, hana roho mbaya, lakini utani una wenyewe jamani. Mtani wako akikuambia neno baya unacheka kwa sababu siku ya msiba yuko pale wa kwanza, anazuia jeneza mpaka apewe chake, analia na nyie. Hawa wa ofisini hawajui hata njia ya kwenda kwetu. Na tatizo langu wala sio bosi. Tatizo langu ni lile jibu, lilikuwa tayari mdomoni, halikutafutwa. Inaonekana nimelibeba miaka mingi nasubiri mtu aulize.

Nalijua lilipoanzia. Nilipofika Mbagala Januari 2000 nilikuwa mtoto wa miaka 14 mwenye lafudhi, na darasani waliponiuliza kabila nikasema mmachinga, darasa zima likaangua kicheko, wakasema tumekuuliza kabila hatujakuuliza biashara ya baba yako. Yaani walikuwa hawajui kwamba kuna watu wanaitwa hivyo. Mpaka leo wengi hawajui. Mtu anauza soksi Mwanza, anauza mikanda Arusha, anaitwa mmachinga, pale Ilala kuna jengo kubwa kabisa lina hilo jina, na sisi tunaojua kwetu tunajua kwamba ni vijana wa Lindi walioingia mjini na mali begani, watu wakawaita kwa kabila lao, jina likabaki kwenye kazi. Kabila linalosemwa linasubiri korosho zianguke ndilo lililotoa jina la watu wanaotembea juani kutwa nzima nchi nzima. Hili nimeliwaza Jumatano usiku nikakaa kitandani, nikajiuliza kwanini sikulisema Jumanne.

Sikulisema kwa sababu mimi nimesoma kwa kulikimbia hilo jina. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri ili nisiwe yule wanayemsema. Kila mtihani nilikuwa nafanya nikiwaona wale wanaocheka. Na imenifikisha, siwezi kukataa. Siku zote nimekuwa nikiwaandikia hapa kwamba mimi na Zuhura, mtoto wa mama mkubwa, tulisikia neno moja kutoka kwa mwalimu mmoja, "nyie mnasubiri kuchezwa ngoma tu muolewe" (ngoma ya unyago hiyo), mimi likanikimbiza mbele yeye likamkalisha chini. Mmelisoma hilo mara ngapi kwenye shajara hii. Hata kwenye ile semina ya wasichana mwaka juzi nililisema na watu wakapiga makofi.

Alhamisi nikampigia Zuhura. Nilikuwa nataka tu kusikia sauti ya nyumbani, ila nikajikuta namsimulia yote, bosi, birika, sukari. Akasikiliza mpaka mwisho. Nikamalizia na lile langu la siku zote, kwamba da Zuhura unaona maneno yanavyoumiza, wewe yule mwalimu alikuvunja kabisa.

Akanyamaza kidogo. Alafu akasema, "Nani kakwambia mimi niliacha shule kwa maneno ya mwalimu?"

Nikasema si wewe mwenyewe. Akasema hajawahi. Na nimetafuta kichwani toka Alhamisi, kweli hajawahi kuniambia, mimi ndio nilijiambia.

Akasema yule mwalimu alikuwa anasema vile kwa kila mtu, angekuwa anazuia watu kusoma na wewe usingesoma. Ngoma tulichezwa wote, Desemba ile ile ya 1999, kiwanja kimoja, somo (yule mama anayetufunda) mmoja, sasa ngoma ingemzuiaje yeye ikuache wewe. "Mimi nilifaulu," akasema. "Umesahau? Barua yangu ya kuchaguliwa ilikuja, ikawekwa kwenye sanduku la bibi. Wewe ndio hukuchaguliwa."

Nilikuwa sijasahau, mnajua nilirudia la saba Mbagala. Ila nilikuwa nimeliweka mahali ambapo sipiti.

Wakati ule sekondari za kata zilikuwa bado, zimeanza kujengwa kwa wingi kuanzia 2004, kwa hiyo kuchaguliwa maana yake ni kwenda mbali, ada, godoro, ndoo, sare, nauli. Na korosho za msimu ule bibi alishazichukulia hela za kangomba, yaani kuuza kabla ya kuvuna, toka ziko maua, alikuwa anaumwa mguu, zilipokomaa zilikuwa sio zake tena, sisi tulikuwa tunaokota mali ya mtu. Mjomba akatuma salamu kutoka Dar kwamba ana chumba kimoja tu, amchukue mtoto mmoja. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, mjomba ndio mwenye mzigo, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa, swali lilikuwa nani aende.

"Bibi aliniita uani usiku," Zuhura akasema, "akaniuliza mimi. Nikamwambia aende yeye. Mimi nina barua, wewe hukuwa na kitu. Nilidhani barua itanisubiri."

Nilikuwa nimesimama jikoni, nikakaa chini kwenye sakafu. Nikamuuliza kwanini hujaniambia miaka yote hii. Akasema, "Ningekwambia ili iweje? Ungesoma kwa raha?" Alafu akaniambia kwaheri ana foleni ya watu, maana yeye ndio karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima sasa hivi, mnajua, gunia likiwekwa kwenye mzani kichwa chake kinajumlisha kabla ya kalkuleta, na wazee hawakubali kupimiwa na mtu mwingine. Miaka yote namuonea huruma mtu huyu. Namtajataja kwenye semina.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, na nilitegemea Ijumaa niamke vibaya zaidi. Cha ajabu niliamka mwepesi. Nimeamka namuwaza mjomba, Mungu amrehemu, asubuhi anatoka Mbagala na mashati ya mitumba 15 au 20 kwenye mkono wa kushoto, yamepigwa pasi ya mkaa, anatembea mpaka Kariakoo kama hela ya daladala hamna, anarudi usiku miguu imevimba anaiweka kwenye beseni la maji ya chumvi, na hapo hapo miguu iko kwenye beseni ananiambia lete daftari nione. Alikuwa hajui kusoma vizuri, alikuwa anahesabu vema. Vema nyingi anacheka, vema chache ananyamaza, na kile kimya ndio kilikuwa kinaniamsha saa kumi. Sio wale watoto waliocheka darasani. Nimewapa wale watoto sifa isiyo yao kwa miaka 20 na zaidi. Aliyeniamsha ni mmachinga, mmachinga wa kabila na mmachinga wa kazi, na aliyemtuma ni mila ile ile ambayo watu wakitaka kueleza kwanini Kusini iko nyuma ndio wanaanza nayo.

Na nikianza hapo siwezi kuacha kumuwaza bosi pia, kwa mapenzi kabisa. Amewahi kunihadithia babu yake alivyosomesha watoto 8 kwa kahawa ya kihambani, lile shamba la nyumbani. Nina uhakika alikuwa mchapakazi. Lakini kule shule za misheni zilipanda mlimani mapema, na ushirika wao wa kahawa, KNCU, ulianzishwa 1933, babu akivuna alikuwa na mahali pa kupeleka kahawa, na mtoto akifaulu alikuwa na mahali pa kwenda. Kwetu vita ya Maji Maji ilianzia hapo Umatumbi 1905, baada ya hapo wajerumani wakachoma vyakula na ghala, njaa ile ikaua watu wengi kuliko risasi. Alafu waingereza wakaja na mradi wa karanga pale Nachingwea, 1947 mpaka 1951, ukafa, reli waliyoijenga kwa ajili yake nayo ikang'olewa miaka ya 1960. Na barabara! Mimi safari yangu ya kuja Dar tulilala njiani siku 2 kwenye tope, tukasubiri kivuko pale Ndundu, daraja la Rufiji limefunguliwa 2003. Mtu anayechelewa kufika kwa sababu hana barabara utamwitaje mvivu. Mvivu gani anaamka usiku Juni na Julai kupulizia salfa, macho yanawasha, mikono inanuka wiki nzima, ili ugonjwa wa ubwiriunga usimalize maua ya mkorosho.

Sisemi mila zetu hazina la kurekebishwa, kuna watoto walichezwa wadogo sana na nimeshaliandika hilo na bado nalisimamia. Nasema tu kwamba nilipewa maelezo ya watu wangu na wasiowajua nikayaamini, na nikayatumia kujieleza mimi na kumueleza Zuhura, wakati ukweli ulikuwa kwenye sanduku la bibi.

Ijumaa nikawahi ofisini kabla ya watu. Mama Salima alikuwa jikoni anasuuza vikombe. Nikamsalimia kwa kilugha, nikapiga goti kidogo kama nyumbani. Akageuka akanitazama, akanijibu kwa kiswahili, "Marahaba, madam."

Nikamwambia mama mimi Jumanne nilisema neno baya. Akasema neno gani, hakuna neno, akaendelea na vikombe. Nikasimama pale sijui nifanye nini na mikono, nikachukua kitambaa nikaanza kufuta anavyosuuza, akaniacha nifute. Tukamaliza vyote bila kuongea. Wakati wa chai kile kikombe cha bluu kilikuja mezani hakina sukari na hakuniuliza, ila sijui, labda ni kwa sababu nilishamjibu Jumanne. Nimekigeuza geuza hicho kikombe kichwani wikendi nzima.

Kwa bosi bado sijasema kitu. Nataka nimwambie mezani pale pale, mbele ya wale wale, Mama Salima akiwepo, kwamba mimi ni wa Lindi na mjomba wangu alikuwa mmachinga na ile ripoti imeandikwa na mtoto wa huyo. Nimeifanyia mazoezi bafuni. Ikitoka kwa hasira nitakuwa nimeharibu, maana simchukii.

Alafu jingine, Hafidh jino la mbele la chini limeota nyuma ya lile la utoto na la utoto wala halitikisiki, yako mawili yamepangana kama viti vya daladala. Bibi yake anasema nilifunge uzi nivute, baba yake anasema tusubiri. Nimemmulika na tochi ya simu sasa hivi amelala mdomo wazi, lile la nyuma limeshatoka zaidi ya nusu. Waliopitia hili naombeni mniambie, nimpeleke kesho au linaweza kungoja Jumamosi?