Nilivyopiga Debian maabara ya shule Tukuyu bila flashi

Anayekwambia kompyuta nyingi lazima uzizungukie na flashi moja moja, usimsikilize. Maabara ya shule niliyosaidia Tukuyu ina mashine zaidi ya ishirini za msaada, nyingi hazina sehemu ya CD na matundu ya USB yamelegea. Zote, isipokuwa zile mpya, zimepokea Debian (mfumo endeshi wa bure wa familia ya Linux) kwa waya wa mtandao. Nina furaha kubwa, ila na hasira pia, maana ushauri tuliopewa mwanzoni ulivuruga shule nzima.

Fundi mmoja mzoefu wa Mbeya mjini aliniambia, "Mdogo wangu, washa DHCP kwenye laptopu yako, ruta iache ilivyo, mashine zitajichagulia zenyewe." DHCP ni huduma inayogawa anwani za mtandao, na ruta tayari ilikuwa nayo. Tukafanya hivyo. Sasa, kompyuta ikiwaka kwa PXE, yaani kupitia mtandao badala ya diski, huuliza mtandao mzima: nani atanipa anwani? Baadhi humfuata anayewahi kujibu. Chache zikaisikia laptopu, zikaanza vizuri, tukashangilia. Zilizofuata zikaisikia ruta, ambayo inatoa anwani lakini haina habari ya faili la kuwashia, zikaandika PXE-E53 (kosa la kukosa jina la faili la kuwashia) na kugoma. Kumbe kompyuta ya mhasibu nayo iko kwenye swichi ileile! Ikachukua anwani kwenye laptopu yangu na intaneti ikakata akiwa katikati ya kutuma taarifa. Mkuu wa shule akaja mwenyewe hadi mlangoni: "Fundi, mmefanya nini huko?" Nikampigia yule mshauri, akasema nizime DHCP ya ruta. Nenosiri la ruta hata shule haina, wanalo waliowafungia.

Dawa ni dnsmasq, programu ndogo ya huduma za mtandao, ikiwa kwenye laptopu katika hali ya proxy, yaani msaidizi wa ruta. Ruta inaendelea kugawa anwani kama kawaida, laptopu inaongeza taarifa moja tu, kwamba faili la kuwashia liko huku. Mstari wenye kazi kwenye faili lake la mipangilio ni huu:

dhcp-range=192.168.1.0,proxy

Ongeza port=0 isijiingize kwenye DNS (kutafuta majina ya tovuti), enable-tftp ili itume mafaili ya kuwashia, tftp-root ya folda ulikofungulia netboot.tar.gz (kifurushi cha Debian cha kuwashia kwa mtandao), na pxe-service=x86PC,"Debian",pxelinux. Laptopu yako ikiwa inazuia maunganisho ya nje, ruhusu milango ya UDP 67, 69 na 4011. Tangu hapo mhasibu aliendelea na kazi zake, sisi tukaendelea na zetu.

Kingine ninachokisisitiza kwa yeyote anayetumia bando: apt-cacher-ng, programu inayotunza vifurushi vilivyokwisha kushushwa ili mashine nyingine zivichukue hapo. Bila hiyo kila mashine inashusha vifurushi vilevile upya, na bando la elfu kumi au ishirini linaisha hujafika nusu ya chumba. Iweke kwenye laptopu, kisha kwenye faili la majibu ya maswali ya usakinishaji, preseed.cfg, andika:

d-i mirror/http/proxy string http://192.168.1.10:3142/

(Weka anwani ya laptopu yako.) Mashine ya kwanza ilijikongoja, tukanywa chai. Zilizobaki zilivuta karibu kila kitu kwenye laptopu, na nilipoona safu nzima ya skrini ikipanda asilimia kwa pamoja nilimwita Mkuu aje aone.

Tahadhari: ukiandika majibu yote, pamoja na ya kugawa diski, mashine inafuta kila kilichomo bila kuuliza. Hamisha kwanza mafaili ya walimu. Na usiweke mtandao kuwa wa kwanza kwenye BIOS (mipangilio ya kuwashia kompyuta), kwa sababu ikimaliza na kujiwasha upya itarudi kwenye PXE na kuanza kujipiga upya, tena na tena. Bonyeza F12 mara moja wakati wa kuwasha, uchague mtandao, basi.

Swichi tuliyoongeza ni ya mtumba kutoka Mwanjelwa, kama elfu hamsini hivi. Mashine mpya za UEFI, mfumo uliochukua nafasi ya BIOS, zinataka mstari wao wa pxe-service na faili la bootnetx64.efi. Zetu za aina hiyo tutazipiga shule ikifunga.