Fremu Kwanza, Injini Baadaye
Nilipoonyeshwa gari la Willys MB, jipu la jeshi la Marekani la Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lililodaiwa kuundwa mwaka 1943, sikuanza na injini, kwa kuwa ile ya silinda nne yenye nguvu ya farasi 60 hutengenezeka, bali nililala chini nikakagua fremu, ambayo ikishaliwa na kutu huweza kumaliza akiba yote ya mtu. Upau wa mbele ulikuwa wa pembe nne badala ya bomba la mviringo, na boliti kadhaa zilikuwa na herufi F, dalili kwamba fremu hiyo ilitoka kwenye Ford GPW, jipu la muundo uleule lililoundwa na kampuni ya Ford. Muuzaji alinuna kidogo. Binafsi sikuchukizwa, maana vipuri vya magari hayo mawili viliingiliana tangu vitani, ila nilimwomba apunguze bei.