Siku moja maishani mwangu: mizani, simu na kijiko cha mafuta

Saa 11:25 alfajiri

Adhana ya msikiti wa hapa Tabata haijaisha na simu imeshaanza kuita. Ni wateja wangu wananitumia uzito wa leo. Makubaliano yetu ni kwamba ukiamka unaenda msalani, unapanda mizani kabla ya chai, unapiga picha na kuituma WhatsApp. Mimi ni mshauri wa lishe, nina watu 23 ninaowasimamia kupunguza uzito, na Jumatatu ndiyo siku ya machozi.

Wa kwanza ni dada anayefanya kazi benki: "Nimeongezeka kilo 1.4 tangu Ijumaa. Mimi naacha tu." Programu ya simu yake imemchorea mshale mwekundu unaopanda, basi. Mshale haujui kwamba Jumamosi alikuwa harusini. Mimi najua, kwa sababu alinitumia picha ya gauni. Namrekodia sauti: kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori zipatazo 7,700, na wewe hukula kalori 10,000 za ziada kwa siku mbili. Ile pilau na nyama choma zina chumvi, na chumvi inashika maji. Yatatoka, mdogo wangu, endelea na chakula chako cha kawaida. Baada ya dakika tano inaingia picha ya yai la kuchemsha na nusu parachichi. Hajaacha.

Saa 2:30 asubuhi

Nimesimama kwenye daladala kuelekea Sinza, napitia picha za vifungua kinywa. Chapati inanisumbua kila wiki. Programu nyingi wanazotumia zinahesabu chapati nyembamba iliyopikwa pakavu, wakati yetu inapakwa mafuta, inakunjwa, inasukumwa, halafu inarudi kwenye mafuta. Kwa hiyo nimeandika orodha yangu ya vyakula vya hapa nyumbani na kuwagawia wote.

Saa 4 asubuhi

Anaingia mama mwenye miaka 58. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, leo sina raha." Alianza na kilo 96, ana presha, na daktari wake ndiye aliyemleta kwangu. Lengo la kwanza ni kupungua asilimia 7, yaani kilo kama 7. Sikulitoa hewani. Utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliochapishwa mwaka 2002, uliwawekea watu lengo hilohilo pamoja na dakika 150 za mazoezi kwa wiki, na hatari ya kupata kisukari ikapungua kwa asilimia 58. Simu janja hazikuwepo. Walikuwa na mizani, kijitabu cha kuandika walichokula, na mtu wa kukaa nao.

Mama huyu ana simu nzuri, binti yake anamjazia kila mlo, na programu inasema anakula kalori 1,400 kwa siku. Lakini wiki ya tatu sasa mizani imeganda kwenye 94.

Nafungua kabati, natoa sufuria, chupa ya mafuta ya alizeti na bakuli. "Mama, nionyeshe unavyotia mafuta ya mchicha wa watu wawili." Anashika chupa kama mtu aliyepika miaka 40, anazungusha mkono mara moja, mara mbili, anarudisha kifuniko. Nayamimina yale mafuta kwenye kijiko cha chakula, kimoja kimoja, yeye akihesabu kwa sauti. Vinafika 7. Kila kijiko kina kalori kama 120. Kwenye simu, binti ameandika "mchicha wa kuchemsha".

Mama anakiangalia kijiko kwa muda. "Ndivyo nilivyofundishwa na marehemu mama yangu." Siwezi kumwambia mama yake alikosea. Tunakubaliana vijiko 2 vya kupimwa, nazi ibaki siku ya Jumapili, na kijiko nampa aende nacho. Naandika ujumbe kwa daktari wake pia, maana uzito ukishuka presha nayo hushuka, na dozi ni kazi yake kuiangalia, siyo yangu.

Saa 8 mchana

Wali robo sahani, samaki, matembele mengi. Nakula huku simu nimeifunika.

Saa 11 jioni

Dereva wa bajaji amekaa kimya siku tatu. Kwenye ukurasa wangu wa programu anaonekana ametembea hatua sifuri, na ningeamini hivyo ningesema amekata tamaa. Nampigia simu ya kawaida. "Bando liliisha, kaka. Hela yote imeenda kwenye matengenezo." Anatembea kila siku akisubiri abiria karibu na stendi ya Mawasiliano, na mkanda umeingia tundu moja ndani. Tundu hilo naliandika kwa kalamu.

Saa 3 usiku

Yupo mama mmoja ambaye kwa siku tisa hajatuma chochote. Programu yake imekuwa ikimkumbusha kila jioni: umesahau kuandika chakula. Napiga, inapokelewa kwa sauti ndogo, nyuma yake watu wanaimba mapambio. Amefiwa na mama yake, yuko Tukuyu. Ananiomba msamaha kwa kutotuma uzito. Mimi ndiye ninayepaswa kuomba msamaha, nimechelewa mno kupiga. Namwelekeza pole pole jinsi ya kuzima vikumbusho, tunaomba pamoja kidogo, tunaagana.

Kwenye daftari naandika: Tukuyu, msiba. Nimpigie Jumapili. Nisiulize kilo.