Mzani wa mamdogo na rangi ya sheria

Mamdogo wangu ana kiduka cha nafaka, mtaa sitaji maana wateja wake wengine wananijua. Sa mwezi uliopita kaja jamaa asubuhi asubuhi, kavaa reflekta, kitambulisho kaning'iniza shingoni ila kimegeuka unaona mgongo mweupe tu, mkononi ana kitabu cha risiti kile cha kununua stationeri yoyote. Akauangalia mzani wa mawe, akasema huu haujapigwa muhuri, ama nauchukua ama unatoa elfu hamsini tumalizane hapa hapa. Mamdogo hamsini hana, ndo kwanza kafungua. Jamaa akaubeba na mawe yake yote, akapanda bodaboda huyoo.

Mtaa mzima tukasema kishoka huyo. Dar hilo neno linakuja lenyewe, tulianza nalo kwa wale wa kuunganisha umeme kinyemela, siku hizi lipo hadi kwenye viwanja. Na sheria ya kumbana ipo, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kosa la kujifanya mtumishi wa umma, kwa hiyo nikajua hapa ni polisi tu tumalize.

Kumbe mjumbe anamjua! Sio feki. Kaajiriwa kabisa, anakusanya ushuru, kitambulisho ni chake na picha ni yake. Ila mizani sio kazi yake, kukagua na kupiga muhuri mizani ni kazi ya Wakala wa Vipimo, huyu wa ushuru hata huo muhuri wenyewe hana. Hapo ndo nikakwama, maana kama sio kishoka sa tumuiteje?

Nikampigia mshkaji wangu kasoma sheria. Akacheka kwanza, afu akaniambia Wamarekani wana neno lake, wanasema mtu katenda "kwa rangi ya sheria". Nikamwambia mi naishi Mbagala Rangi Tatu, hiyo ya nne ni ipi tena. Akasema rangi hapo sio ya ukutani, ni lugha ya kizamani ya mahakama za Kiingereza, maana yake sura ya nje, kisingizio. Waingereza walikuwa wanasema ofisa akichukua pesa asiyostahili kwa rangi ya ofisi yake hilo ni kosa, na wakalitofautisha na kutenda kwa nguvu halisi ya ofisi. Yani elfu hamsini ya mamdogo ilishaandikwa huko zamani.

Kesi aliyonisimulia ndo ilinikaa. Jimbo la Georgia, sherifu anaitwa Claude Screws, yeye na wenzake wawili wakaenda usiku kumkamata kijana mweusi, Robert Hall, kwa madai ya kuiba tairi. Waranti walikuwa nayo. Wakampiga akiwa na pingu mpaka akafa. Wakajitetea kwamba kumuua mtu ni kuvunja sheria ya jimbo, sa mtu anayevunja sheria atasemwaje anatenda kwa sheria? Ukiusikia haraka unaona kama wana pointi. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1945 ikakataa, ikasema rangi ya sheria ni kisingizio cha sheria, walikuwa kwenye kazi yao ya kukamata, wakipitiliza mipaka bado ni maofisa. (Ila ikaamuru kesi isikilizwe upya kwa sababu nyingine, na mwisho wa siku Screws akaachiwa. Sijui hata nisemeje.)

1961 ikaja ya Chicago, polisi 13 waliingia nyumbani kwa familia ya Monroe alfajiri bila waranti, wakawasimamisha uchi sebuleni. Familia ikashtaki kwa sheria ya tangu 1871 na mahakama ikakubali, ukitumia vibaya nguvu uliyopewa na jimbo, bado ni rangi ya sheria.

Kwa hiyo kishoka hana ofisi, anaiigiza. Huyu wetu ofisi anayo, ndo maana mamdogo hakupiga hata kelele, angempigia nani kelele mtu wa serikali? Kwetu sheria ya kupambana na rushwa ya 2007, kifungu cha 31, inaita matumizi mabaya ya madaraka, sawa, ila hilo ni neno la kwenye taarifa ya habari, ukilisikia unawaza mawaziri na mikataba, huwazi mzani wa maharage. Mi ningesema kaubeba kwa mgongo wa ofisi, kama tunavyosema fulani kapita kwa mgongo wa mjomba wake.

Nikamwelezea mamdogo yote hayo, Georgia na Chicago, yeye anachambua choroko. Akaniuliza, "Kwa hiyo mzani unarudi?"

Umerudi. Mjumbe ndo kaufuata, siku ya tano, jamaa kautoa kimya kimya bila kubisha wala karatasi. Ila sahani moja haipo. Mamdogo kaweka sahani ya bati ya kulia wali, na kwa vile ni nyepesi kaigandisha kokoto kwa chini ili ulingane na upande wa pili. Sa hivi Wakala wa Vipimo wakipita wana haki zote za kuuchukua.