Jinsi nilivyochagua mota ya gari langu la mashindano

Nilipoanza kushindana na gari la rimoti la kipimo cha 1/10, aina ya Tamiya TT-02, katika kumbi zinazotandikwa mazulia hapa Uingereza, mota iliyokuja nalo ilikuwa ya ukubwa wa 540 yenye brashi, na wenzangu wengi walinishauri niing'oe mara moja. Sikuona sababu ya haraka hiyo kabla ya kujua tofauti yenyewe iko wapi.

Katika mota yenye brashi, koili ndizo zinazozunguka katikati ya sumaku zilizotulia, na umeme huzifikia kupitia vipande viwili vya kaboni, ndizo brashi zenyewe, vinavyosugua komuteta, yaani silinda ya shaba inayozunguka pamoja na koili. Msuguano huo na cheche zake hula nguvu, huleta joto na humaliza kaboni. Mota isiyo na brashi imepinduliwa: sumaku huzunguka, koili hutulia, na kidhibiti mwendo ndicho kinachoamua umeme upite koili ipi na kwa wakati gani, kwa kutumia nyaya tatu badala ya mbili.

Kwa gari la kujifurahisha, mota ya brashi inatosha kabisa. Yangu sasa imo katika gari la mpwa wangu, na sioni kwa nini nimnunulie nyingine. Mashindanoni, hata hivyo, mota ya brashi inayofunguka hudai utunzaji usiokwisha: kusafisha, kubadilisha kaboni na springi, na hata kuchonga upya komuteta iliyolika. Anayeipenda kazi hiyo hunufaika nayo, lakini mimi nilitaka nguvu isiyobadilika kutoka raundi moja hadi nyingine.

Kilichobaki kiliamuliwa na kanuni za daraja la mashindano ninaloshiriki, kwa maana mota hupangwa kwa idadi ya mizunguko ya waya kwenye koili, na kadiri mizunguko inavyopungua ndivyo kasi inavyoongezeka. Hapa anayeanza asilinganishe namba za aina hizi mbili moja kwa moja, kwani mota ya brashi ya mizunguko 27 hukaribiana na isiyo na brashi ya 17.5. Nilichagua ya 21.5 yenye sensa, ambayo hukiarifu kidhibiti mahali sumaku ilipo, hivyo gari huondoka taratibu bila kutetemeka, jambo lenye uzito mkubwa kwenye kona za kubana. Bei niliipiga pamoja na kidhibiti, kwa kuwa kile cha mota ya brashi pekee hakiwezi kuiendesha hii.

Kazi iliyofuata ilikuwa gia. Mota ya 21.5 huzunguka polepole, kwa hiyo hutaka gia ndogo iliyo kwenye mhimili wa mota iwe na meno mengi zaidi. Niliongeza jino mojamoja, nikipima joto la mota kila baada ya mbio za dakika tano. Mpaka niliojiwekea ni nyuzi 70 za Selsiasi, na ikipita hapo narudi nyuma jino moja, kwani joto kali hudhoofisha sumaku ya rota, yaani sehemu inayozunguka, na nguvu iliyopotea kwa njia hiyo hairudi hata mota ikipoa.