Sensa ya juu haioni maji yaliyo chini ya dizeli

Watu wengi wakisikia tangi linapimwa kwa altrasaundi wanachojua ni ile sensa ya kufungwa juu, inapiga sauti chini, inasubiri mwangwi, inahesabu muda, imeisha. Kwa kimiminika kimoja iko poa tu. Ila tangi la dizeli lenye maji chini, hiyo sensa itakwambia uso wa dizeli ulipo basi, sababu sauti ikitoka hewani ikagonga kimiminika zaidi ya asilimia 99 ya nguvu yake inarudi, ndani haiingii kitu cha maana. Kwa hiyo kwenye skrini mafuta yamejaa kumbe huko chini maji yanakula chuma na bakteria wanazaliana pale mpakani.

Mi nasema sensa ikae chini. Tangi la chuma ambalo kitako chake kinafikika unaibana nje kabisa, hutoboi chochote. Sauti inapita kwenye maji kwanza, ikifika kwenye mafuta inarudi kidogo saana, kama asilimia 2 hivi ya nguvu yake, inayobaki inapanda mpaka juu ikikutana na hewa inarudi karibu yote. Miangwi miwili, mmoja hafifu mmoja mkubwa, na unakuta fundi anakaza kizingiti (kile kiwango ambacho mwangwi ukiwa chini yake kifaa hakiuhesabu) ule hafifu unapotea, eti ni kelele (ndo ulikuwa unautafuta huo!).

Alafu kuna mwendo wa sauti, hapa ndo hesabu nyingi zinaharibika. Maji ya nyuzi 20 ni kama mita 1,480 kwa sekunde, tuseme mafuta yako ni 1,300, sasa ukitumia namba ya maji kote, mafuta ya mita 3 yatasomeka kama mita 3.4. Joto nalo likipanda sauti inaongeza mwendo kwenye maji ila kwenye mafuta inapunguza, yani haya mawili yanakosea kinyume. Kupima joto kunasaidia, lakini bora zaidi ni kuweka kipande cha chuma kwa umbali unaojulikana kwenye kila tabaka, mfumo ujipimie mwendo wenyewe.

Kinachokwamisha mbinu zote hizi ni pale maji na mafuta yamevurugika pamoja, hakuna mpaka mkali, sauti inatawanyika na mwangwi unafia humo humo. Hapo liache tangi litulie kwanza, alafu shusha fimbo iliyopakwa ile dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, rangi ikitoka madoadoa ujue bado halijatulia.